Vita au fujo? Mlima Elgon na kazi ya msomi wa sheria

Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia tasnifu hapa Nakuru anatoka Cheptais, upande wa Bungoma wa Mlima Elgon. Alikuja na mada yake tayari: uhalali wa mashambulizi ya droni nchini Ukraine. Nikamuuliza kwa nini Ukraine. Akasema vitabu viko, kesi ziko, na mwenye tasnifu ya namna hiyo hupata ufadhili wa uzamili Geneva kwa wepesi zaidi. Nikamuuliza alikuwa na umri gani wakati SLDF, kundi la wanamgambo wa Mlima Elgon, walipokuwa wakikata watu masikio kwao. Alinyamaza kidogo. "Nilikuwa na miaka minne, mwalimu. Tulikaa kwa shangazi Kimilili miezi mingi. Lakini hiyo haikuwa vita. Zilikuwa fujo za kwetu tu."

Maneno hayo ya mwisho nimekaa nayo tangu siku ile. Kijana aliyesoma sheria miaka minne, anayeweza kukutajia kesi za Hague kwa tarehe zake, aliona kwamba kilichomfukuza nyumbani hakina hadhi ya kuingia darasani. Simlaumu. Sisi tunaomfundisha ndio tuliomzoesha kuamini kwamba sheria ya vita ni ya kwa wenyewe.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi huielewa vibaya. Ukisema wewe ni mhadhiri wa sheria ya kimataifa ya kibinadamu, yaani sheria ya vita, na haki za binadamu, watu hudhani unazunguka kwenye warsha za hotelini au unangoja kuitwa Hague. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kukaa na tukio na kuamua ni sheria ipi inayolihusu. Mikataba minne ya Geneva ya tarehe 12 Agosti 1949, ambayo Kenya ilijiunga nayo mwaka 1966, hufanya kazi panapokuwa na vita. Sheria za haki za binadamu hufanya kazi wakati wote, kuwe na vita au kusiwe. Mara nyingi zinaelewana. Kuna mahali zinasema mambo tofauti kuhusu risasi moja.

Polisi anayefuata sheria za haki za binadamu anaruhusiwa kuua pale tu ambapo hakuna njia nyingine ya kuokoa uhai. Mwanajeshi aliye vitani anaruhusiwa kumpiga risasi mpiganaji wa upande wa pili hata akimkuta usingizini, mradi huyo hajajisalimisha wala hajajeruhiwa hadi akashindwa kupigana. Ndiyo maana neno "vita" si pambo la ripoti. Linabadilisha nani anaweza kuuawa kihalali, na nani atajibu kwa kifo hicho. Anayelitamka ovyo anaweza kumpa mwanajeshi ruhusa ambayo hakuwa nayo. Anayekataa kulitamka anaweza kumwacha raia bila kinga ambayo alistahili.

Sasa turudi mlimani. Mgogoro wa ardhi katika mpango wa makazi wa Chebyuk ulikuwa umedumu kwa miongo kadhaa kabla ya SLDF kushika bunduki mwaka 2006. Wenyeji waliwaita vijana hao Janjaweed, jina la wanamgambo lililosafiri kutoka Darfur, Sudan, hadi Kopsiro ya mlimani, na hilo peke yake linaonyesha watu walivyokielewa kilichowafika. Kundi hilo liliua, likabaka, likateka watu, likatoza kodi, likawakata masikio walioonekana kulipinga. Machi 2008 serikali ilipeleka jeshi katika operesheni iliyoitwa Okoa Maisha. Wanaume walikusanywa vijijini kwa mamia, wakapelekwa kambi ya Kapkota kuchujwa, na mashirika ya haki za binadamu yakaandika habari za mateso na za watu ambao hawakurudi nyumbani. Mei mwaka huo kiongozi wa kijeshi wa kundi aliuawa, na baada ya miezi michache kundi likasambaratika.

Je, hiyo ilikuwa vita kwa macho ya sheria? Kipimo kinachotumika zaidi duniani kiliwekwa Oktoba 1995 katika kesi ya Tadić, kwenye mahakama iliyoundwa kwa ajili ya iliyokuwa Yugoslavia. Mahakama ilisema vita vya ndani ya nchi vipo panapokuwa na mapigano ya silaha ya muda mrefu kati ya serikali na makundi yaliyojipanga, au kati ya makundi hayo yenyewe. Majaji wakayachambua mambo mawili: ukali wa mapigano na mpangilio wa kundi. Vipimo hivyo vikitimia, Kifungu cha 3 ambacho kimerudiwa katika mikataba yote minne ya Geneva kinaanza kufanya kazi, na kinazibana pande zote mbili. Kinakataza kumuua asiyepigana, kumkata viungo, kumtesa, kumteka, na kumhukumu bila mahakama halali. Yasome hayo polepole huku ukiifikiria Cheptais ya mwaka 2007. Kukata viungo kumetajwa kwa jina.

Maoni yangu ni haya. Kipimo cha mpangilio naona kilitimia. SLDF walikuwa na tawi la kijeshi, la kisiasa na la kiroho. Walikuwa na amri, na walitoza kodi. Kipimo cha ukali nina shaka nacho, kwa sababu ukali unaotafutwa ni wa mapigano kati ya pande zenye silaha, na damu nyingi iliyomwagika mlimani ilikuwa ya watu wasio na silaha, kwanza mikononi mwa kundi, kisha mikononi mwa waliokuja kuokoa maisha. Itifaki ya Pili ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye mikataba hiyo ya Geneva na ambayo Kenya iliikubali mwaka 1999, inadai zaidi: kundi lishike sehemu ya ardhi kiasi cha kuendesha kutoka hapo mapigano mfululizo yaliyopangwa. Huko sioni tukifika. Ila kuna mwenzangu tunayebishana naye kila tukikutana, anayesema kuwa ukihesabu helikopta na idadi ya wanajeshi waliopelekwa, huwezi kuyaita hayo kazi ya polisi. Ana hoja nzito. Ubishi wa namna hiyo ungestahili rafu nzima katika maktaba za Eldoret, Kisumu, Kakamega na Nakuru.

Kinachoniuma ni kwamba jina lilipokosekana, na kesi zikakosa pa kusimama. Shirika la wataalamu wa tiba na sheria, IMLU, lilikwenda katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki mwaka 2010 kuishtaki serikali ya Kenya kwa mateso na mauaji yaliyowakumba zaidi ya wakazi 3,000 wa Mlima Elgon kati ya 2006 na 2008. Juni 2011 majaji wa ngazi ya kwanza walisema wana mamlaka ya kusikiliza. Machi 2012 kitengo cha rufaa kikaitupa kesi kwa sababu mkataba wa Jumuiya unampa mlalamishi miezi miwili tu. Hoja kwamba ukiukaji unaendelea mradi serikali haijachunguza wala kuadhibu haikukubaliwa. Miezi miwili, kwa mjane ambaye katika miezi miwili hiyo alikuwa bado anazunguka kambi na mochari akimtafuta mume wake!

Sheria ya aina hiyo hubadilishwa na watu wanaoiandikia, wanaoirarua kifungu kwa kifungu hadi hakimu ajaye aone aibu kuirudia bila maelezo. Hiyo ni kazi ya wasomi, na wasomi walio karibu na Kapkota wana sababu ya kuianza.

Mfano mwingine wa Bonde la Ufa na Nyanza umeandikwa kweli, lakini karibu wote umeandikwa mbali. Tarehe 31 Machi 2010 majaji wa ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko Hague, waliidhinisha uchunguzi wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ambazo tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133. Uamuzi ulikuwa wa wawili dhidi ya mmoja. Huyo mmoja, Hans-Peter Kaul wa Ujerumani, alikubali kwamba maovu yalitendeka, ila akasema hayakuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Mkataba wa Roma, ulioiunda mahakama hiyo, unataka mashambulizi yafuate sera ya dola au ya shirika, na kwa Kaul shirika hilo lazima liwe na sifa zinazokaribia za dola. Wenzake waliona yatosha kundi liwe na uwezo wa kutenda maovu ya kiwango hicho. Tangu hapo wanafunzi wa sheria wa dunia nzima wanaoufikia ukurasa wa uhalifu dhidi ya ubinadamu hukutana na Kenya.

Hata hivyo, swali ambalo Kaul aliliacha wazi halijibiwi kwa kusoma mkataba peke yake. Vijana wanaojikusanya chini ya wazee, wanaochangiwa mafuta na chakula kijiji hadi kijiji, wanaogawana barabara za kufunga, je, ni shirika? Anayeijua Burnt Forest, anayejua maana ya rika, ya baraza la wazee na ya mchango katika eneo hili, ana ushahidi ambao profesa wa Cologne hawezi kuupata hata akiwa na nia njema. Kesi zile ziliporomoka, ya mwisho Aprili 2016, na siasa ikafunika kila kitu. Wasomi wetu wengi nao waliacha, kana kwamba swali lilikuwa la washtakiwa na si la sheria.

Swali lenyewe halikufa. Limerudi kwa mlango wa Kisumu. Agosti 2017, polisi walipokuwa wakiingia nyumba kwa nyumba Nyalenda, kichanga wa miezi sita alipigwa kichwani akafariki. Kila mtu Kisumu anajua jina lake, Samantha Pendo. Uchunguzi wa mahakama ulimalizika Februari 2019 kwa kusema polisi wanawajibika, na Oktoba 2022 mwendesha mashtaka mkuu aliamua kuwashtaki maafisa kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu chini ya Sheria ya Uhalifu wa Kimataifa ya mwaka 2008. Ilikuwa mara ya kwanza sheria hiyo kutumiwa kumshtaki mtu nchini. Kesi imeahirishwa mara nyingi mno. Lakini angalia: sheria yetu imechukua maana ya uhalifu huo kutoka Mkataba wa Roma, kwa hiyo mawakili wa Nairobi sasa wanabishania sera ya dola, na watayafungua maandishi ya Kaul wapende wasipende. Nani aliyewaandalia kitabu cha Kenya cha kuwasaidia? Wangekikuta wapi?

Nakuru yenyewe ina kesi kubwa ya haki za binadamu kuliko miji mingi ya Afrika. Oktoba 2009 Waogiek wa Msitu wa Mau walipewa siku 30 kuondoka. Malalamiko yao yakaenda kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, kisha mwaka 2012 tume ikaipeleka serikali mbele ya Mahakama ya Afrika, Arusha. Hukumu ya tarehe 26 Mei 2017 ilisema Kenya imekiuka haki zao za ardhi, dini, utamaduni na maendeleo. Ile ya fidia ya tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi milioni 100 kwa maumivu, na ardhi yao ipimwe na kusajiliwa kwa jina la pamoja. Novemba 2023 nyumba za Waogiek zilikuwa zikibomolewa Sasimwani, upande wa Narok.

Niliwahi kwenda Nessuit na wanafunzi wachache kuwasomea wazee hukumu hiyo kwa Kiswahili, aya kwa aya. Ilituchukua alasiri nzima. Mzee mmoja alinisimamisha tulipofika kwenye aya inayosema msitu hauwezi kusemwa umeharibiwa na Waogiek. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniambia, "Mwanangu, hayo tulisema sisi. Sikujua jaji aliyaandika."

Hukumu ilikuwa na miaka kadhaa tayari. Ilikuwa imechambuliwa katika majarida ya Ulaya na Amerika, imefanyiwa makongamano, imewapa watu uprofesa. Siku ile ndipo nilipoelewa ni nini hasa kinachokosekana katika kazi yangu.

Ngazi yetu ya kupandishwa cheo ndiyo inayofundisha tabia hii. Kijana akimaliza shahada ya kwanza anaambiwa uzamili upatikane nje, Pretoria, Essex au Geneva. Nasema kwa haki kwamba Pretoria, ambayo imefundisha uzamili wa haki za binadamu kwa Waafrika tangu mwaka 2000, imetulelea watu wazuri. Kisha uzamivu, kwa sababu vigezo vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya mwaka 2014 vilimtaka mhadhiri awe nao. Kisha makala katika majarida yanayotambuliwa. Jarida linauliza: hili lina maana gani kwa msomaji wa kimataifa? Mwandishi anaanza kukata. Chebyuk inakuwa "mgogoro wa ardhi", Nessuit inakuwa "jamii asilia", na mzee wangu anakuwa tanbihi. Katika kamati za kupandisha vyeo nilizowahi kuzikabili, alasiri ile ya Nessuit haikuwa na alama hata moja.

Na pesa. Chuo kimoja nilichofundisha kwa mkataba wa muda mihula mitatu kilinilipa muhula mmoja. Wapo wenzangu wanaodai zaidi. Mwishoni mwa 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma walikaa nje wiki kadhaa wakidai malimbikizo yao. Zamani mwalimu wa somo hili alijishikiza kwa utafiti wa mashirika ya misaada, lakini tangu USAID, shirika la misaada la Marekani, lifungwe mwaka 2025 njia hiyo imekuwa nyembamba. Mwanafunzi ananiuliza, "Mwalimu, hii sheria ya vita italipa kodi ya nyumba?" Sina haki ya kumdanganya. Namwambia awe wakili kwanza, ashike kesi za kawaida za kufukuzwa kazi na za urithi, na aandike usiku. Jibu hilo halinifurahishi. Somo lenyewe mara nyingi ni la hiari: katika masomo 16 ya lazima ya shahada ya sheria, sheria ya kimataifa imo, ile ya vita haina nafasi yake.

Walioondoka siwasemi vibaya. Phoebe Okowa alitoka Chuo Kikuu cha Nairobi akaenda Oxford, akafundisha London miaka mingi, akachaguliwa mwaka 2021 kuingia Tume ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa, na Novemba 2025 akachaguliwa kuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Ni fahari ya kweli, nami huwaonyesha wanafunzi picha yake. Ninachokataa ni kuwa na njia moja tu, ambayo kila mwenye akili lazima aipite akiyaacha nyuma maswali ya kwao.

Lugha nayo inahusika. Katiba yetu imekipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi, na bado nimefundisha sheria hii kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Nilijaribu mwaka jana kueleza kwa Kiswahili kanuni mbili kuu za vita. Ya kwanza, kutofautisha anayepigana na asiyepigana, ilieleweka papo hapo. Ya pili, kwamba madhara kwa raia yasizidi faida ya kijeshi inayotarajiwa, niliieleza kwa neno "kadiri": pigo lisipite kadiri. Darasa likachangamka. Msichana mmoja akasema nyumbani kwao mtoto akichapwa kupita kadiri, jirani ana ruhusa ya kuingia. Saa nzima tulijadili jirani ni nani katika sheria ya kimataifa, na sijawahi kupata mjadala mzuri kama ule kwa Kiingereza. Askari, chifu, mlinzi wa msitu, mwanabodaboda aliyebeba majeruhi, wote hao huelewa kadiri.

Yapo mambo yanayoweza kufanyika bila kungoja Nairobi. Moi ina shule ya sheria Eldoret, Nakuru kuna Kabarak, na Masinde Muliro kule Kakamega imejenga shule nzima ya usimamizi wa majanga na misaada ya kibinadamu. Hizo zingeweza kukubaliana kwamba tasnifu kuhusu Mlima Elgon, Mau, Kiambaa kulikochomwa kanisa Januari 2008, au Nyalenda isimamiwe na walimu wa vyuo viwili, ihifadhiwe mahali pamoja, na muhtasari wake wa Kiswahili uwe sharti la kufuzu. Zingeweza pia kuukubali muhtasari uliosomwa mbele ya wahusika kuwa kazi ya kitaaluma, wenye alama zake katika kupandisha cheo. Mabaraza ya vyuo yana mamlaka ya kufanya hivyo kesho.

La haraka zaidi ni kumbukumbu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake Mei 2013, na Mlima Elgon umo. Ripoti imekaa Bungeni. Lakini ripoti ni ufupisho. Sheria inahitaji undani: kambi ilikuwa na mahema mangapi, nani alitoa amri, kundi lilipokea agizo kutoka kwa nani, kodi ililipwa kwa nani na kwa karatasi gani. Mambo hayo ndiyo yanayojibu kipimo cha mpangilio na cha ukali, na yako vichwani mwa watu. Aliyekuwa na miaka 60 wakati wa Okoa Maisha sasa anakaribia 80.

Mwanafunzi wangu alibadilisha mada. Likizo ya Desemba alikwenda Cheptais na daftari, na mtu wa kwanza kumhoji alikuwa yule shangazi wa Kimilili, ambaye alikuwa ameweka ndani ya sanduku la nguo orodha aliyoandika kwa kalamu ya risasi mwaka 2008: majina ya wanaume 14 wa kijiji chao, tarehe waliyochukuliwa, na mbele ya majina tisa, tarehe waliyorudi.